Watu wa Siku Saba za Kazi

Nianze kwa kusahihisha kosa langu mwenyewe. Kisa hiki nimeshakisimulia mara mbili, na mara zote mbili nilisema kwamba fundi plasta, alipofika siku ya kwanza, alikaribishwa akakaa kwenye kochi. Si kweli. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, pale kati ya mlango na kabati la viatu. Nilisema kochi kwa sababu kochi lilikuwa jipya na nilitaka wenye nyumba waonekane wakarimu. Wakarimu ni wakarimu, lakini kwenye kochi hawakumweka. Mniwie radhi, tuendelee.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni. Karani ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini. Alikuwa amevua viatu, ameketi jikoni anamenya viazi, na sebuleni redio ya mama mkwe wake ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Hodi ikapigwa. Mama mkwe akafungua, akazungumza kidogo na mtu, kisha akaita kwa sauti ileile anayoitumia kutangaza kwamba maji yamerudi.

"Mkwe wangu, kuna mtu wako huku. Anasema anasubiri pesa yake."

Karani akatoka na kisu mkono huu na kiazi mkono huu. Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, suruali ina saruji mpaka magotini, kofia kaishika kifuani. Alionekana vizuri kabisa. Ila na ukuta uliokuwa nyuma yake nao ulionekana vizuri.

"Samahani kwa usumbufu, mama," alisema. "Ni ile oda ya godoro la upepo. Ile mliyoifuta."

"Namba ya oda unayo?"

Akaitaja yote kwa kichwa, tarakimu kumi na moja. Karani aliitambua. Simu ya mtu huyu aliipokea yeye mwenyewe, saa nne kasoro asubuhi.

"Si nilikwambia siku saba za kazi?"

"Uliniambia, mama. Nashukuru."

"Sasa mbona umekuja?"

"Mimi sijaja. Mwenyewe yuko kazini bado, wanamalizia ghorofa ya tatu, wala hana habari. Mimi ni ile sehemu yake inayosubiri. Nimekuja kusubiri pale penye pesa."

"Pesa haiko hapa."

"Najua. Lakini anayejua iliko yuko hapa."

Karani alikitazama kiazi chake. Mama mkwe akasema basi huyo mtu aingie au atoke, lakini asisimame mlangoni kwa sababu anaingiza mbu. Ndiyo akapewa ndoo.

Duka alilofanyia kazi karani lilikuwa la mtandaoni, maana yake duka lenyewe halionekani, ila ofisi ya kujibu malalamiko inaonekana. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba, na makarani wote ishirini na wawili walirudi nyumbani wakinuka rangi bila ya kupaka hata ukuta mmoja. Karani alikuwa kitengo cha kurudisha pesa. Mteja analipa, duka linapokea, halafu ghala linasema kitu hicho hakipo, oda inafutwa. Pesa ndiyo inapaswa irudi. Wiki ile oda zilizofutwa zilikuwa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu ghala lilihesabiwa ikaonekana nusu ya vitu vilivyouzwa havikuwahi kuwepo.

Kitengo kilikuwa na utaratibu wake. Haukuandikwa popote. Karani mpya aliambiwa siku yake ya pili, wakati wa chai, baada ya kuonekana kwamba siku ya kwanza hakukimbia. Mteja akipiga mara ya kwanza, unamwambia siku saba za kazi. Akipiga mara ya pili, unamwambia tatizo liko benki. Akipiga mara ya tatu, unamwambia pole sana, unabonyeza kitufe cha kijani, na pesa inamfikia kabla hajakata simu. Ujumbe wa maandishi hauhesabiwi, hujibiwa na mashine. Asiyefikisha simu tatu mpaka mwezi unaisha, pesa yake inageuka kuponi ya kununulia vitu vya duka lilelile, ndani ya siku thelathini, endapo vitu hivyo vipo.

Kila kuponi ilimpa karani nyota moja. Nyota zilibandikwa ubaoni karibu na mashine ya chai, na mwisho wa mwezi zililipwa. Lile kochi lilikuwa la nyota.

"Sisi hatuibi," msimamizi alipenda kusema. "Sisi tunachelewa. Kuna nchi ina sheria ya kuchelewa?"

Halafu kulikuwa na kitu kinaitwa ruhusa ya huruma. Kila karani alikuwa nayo moja kwa mwezi. Unaandika namba ya oda kwenye kisanduku, pesa inaachiwa hata kama mteja hajapiga. Moja tu. Karani alikuwa bado hajaitumia ya mwezi ule.

Jumatano wakaja wawili, Alhamisi asubuhi walikuwa sita. Walipiga hodi wote, na wote walifuta miguu mlangoni ijapokuwa miguu yao haikuacha alama. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anasubiri pesa ya miwani. Huyo alikaa mezani akimsaidia binti wa karani hesabu za darasa la tatu, akimwomba tu amsomee maswali kwa sauti. Wengine walikaa popote, hata kwenye mkono wa kochi. Hawakula, hawakuingia chooni. Walipenda kushika kikombe cha chai mpaka kipoe, basi. Ikitokea mwenyewe huko aliko amepiga simu ya tatu, huyu wa sebuleni anatoweka palepale na kikombe kinaanguka. Baada ya kuvunjika viwili mama mkwe akanunua vya plastiki.

"Wageni wangu wote wangekuwa hivi," alisema, "mimi leo ningekuwa na nyumba mbili."

Mwenye nyumba alikuja kuuliza kama hao watu wanatumia maji. Alipoambiwa hawatumii, akaondoka. Mume wa karani alikuwa dereva wa gari la mikate. Yeye akirudi alisalimia sebule nzima kwa mkupuo, akawahesabu kwa macho, kisha akauliza kuna nini cha kula.

Aliyewachosha watu alikuwa msusi. Alikuwa ameagiza mashine ya kukaushia nywele, ile ya kusimama, kwa ajili ya saluni yake. Mwenyewe huko saluni alikuwa ameshatuma ujumbe kumi na tisa, na mashine ya duka ilikuwa imemjibu mara kumi na tisa kwamba maoni yake ni muhimu sana. Huyu wa sebuleni alikuwa na mdomo kama wa mwenyewe.

"Wewe dada, na hiyo nywele umesukwa na nani? Umesukwa au umeadhibiwa?"

"Nimesuka kwa jirani," karani alijibu.

"Mrudishie jirani. Na pesa yangu mnirudishie na mimi. Wote turudishiane tulale."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi plasta naye alitabasamu, lakini kidogo, kama mtu aliye msibani. Muda mwingi alikuwa anaangalia ukuta wa mbele yake. Siku ya pili alimwambia karani, kwa upole sana, kwamba ukuta ule aliyeupiga plasta hakutumia pimamaji, umelala kidogo upande wa dirishani, lakini asijali, hautaanguka.

Karani akavuta kigoda akakaa karibu naye. Alikuwa na kikapu cha nguo za kukunja, ili isionekane kama amekaa kuongea.

"Godoro ni la nani, fundi?"

"La mama yangu. Amelala mwaka wa pili huu. Mgongo umeanza kufunguka."

"Kidonda?"

"Tulipoagiza kilikuwa kama alama ya msumari. Sasa ni kama kifuniko cha soda." Alionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. "Daktari alisema ageuzwe kila baada ya saa mbili, au alalie godoro la upepo, lile linalojigeuza lenyewe. Mwenyewe anashinda kazini. Jirani anamgeuza mara moja, mchana. Duka la vifaa vya hospitali, pale mtaa wa pili, godoro hilohilo wanalo, limetundikwa dirishani. Tulinunua kwenu kwa kuwa kwenu lilikuwa rahisi zaidi. Sasa pesa iko kwenu na godoro liko kwao."

"Kwa nini hapigi tena?"

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Apige tena, hata leo."

Fundi alimtazama kama karani amesema jambo la aibu mbele za watu.

"Ameambiwa siku saba, mama. Mtu akishakwambia subiri, ukamrudia kumuuliza, si umemwita mwongo? Yule hakulelewa hivyo."

"Basi mwambie wewe."

"Mimi hanisikii. Mimi nasubiri tu."

Karani akakunja shati moja mara tatu. Yeye pia hakulelewa hivyo. Hata kazi aliipata kwa sababu hiyo: siku ya usaili waliachwa kwenye benchi tangu asubuhi, wenzake wakawa wanauliza kila nusu saa, yeye akakaa kimya mpaka saa nane, na msimamizi akatoka akasema huyu anatufaa.

Asubuhi ya Alhamisi, kazini, karani alinakili namba ya simu ya fundi kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Kumpigia mteja kwa simu yako mwenyewe lilikuwa kosa la kufukuzwa, na karani mmoja wa zamu ya jioni alikuwa ameshafukuzwa kwa kosa hilo, tena miezi miwili tu nyuma. Akaenda chooni na simu mfukoni. Akakaa humo muda wa kutosha. Alipotoka, akanawa mikono kama watu wote wanavyonawa wakitoka chooni, kwa sabuni, akaisugua vizuri.

Akajiambia si kitu, kesho atatumia ruhusa ya huruma. Kesho Ijumaa. Alijisikia mwepesi hata akanunua karanga za kugawia wenzake.

Mchana ule msimamizi akaja mezani kwake, akaegemea kiti.

"Jumamosi mkuu wa kitengo anakuja kwako kula chakula cha mchana."

"Kwangu? Kwangu kuna nini?"

"Nafasi ya usimamizi iko wazi. Mimi napanda juu. Yeye ana kawaida ya kuona watu wake wanaishije kabla hajawapa kitu. Pika tu cha kawaida, usijitese. Na nyumba iwe imetulia. Anapenda nyumba iliyotulia."

Jioni ile karani alisimama katikati ya sebule akawapima wageni wake kwa macho, kama anayetaka kuhamisha samani. Mwalimu hana shida. Wale wengine wangeweza kukaa chumbani wakiombwa. Fundi mtu hamwoni hata akiwa mbele yake. Akafika kwa msusi.

"Aje!" msusi alisema, maana habari alikuwa ameshazipata kwa mama mkwe. "Mkuu wa kitengo? Huyohuyo ndiye namtafuta. Nitamkalisha hapa, nimwambie yote, moja baada ya moja, na hiyo nyama anayotafunishwa imemkwama kooni."

"Jumamosi nitakuomba ukae chumbani, dada."

"Chumbani nina mume huko? Mimi nakaa hapahapa."

Ijumaa, saa nne asubuhi, karani alifungua kisanduku cha ruhusa ya huruma. Kilikuwa kisanduku kidogo, cha kuingia namba moja. Akaandika tarakimu sita za oda ya godoro. Akasimama. Akaenda kwenye mashine ya chai, akatazama ubao wa nyota, akarudi bila chai. Akazifuta zile sita, moja moja. Akaandika namba ya oda ya mashine ya kukaushia nywele, zote kumi na moja, akabonyeza.

Aliporudi nyumbani kikombe cha plastiki kilikuwa sakafuni na chai imemwagika hadi chini ya kabati. Mama mkwe alisema msusi alikuwa katikati ya kisa cha bibi harusi aliyekatika nywele, kisa kitamu kwelikweli, akaondoka nacho kabla ya mwisho.

"Yule mama amepata?" fundi aliuliza kutoka kwenye ndoo yake.

"Amepata."

"Afadhali. Alikuwa na haraka."

Karani akaingia jikoni akaosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Jumamosi mkuu wa kitengo alifika saa saba kamili, amebeba zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, anayepumua kwa sauti. Alisalimia, akavua viatu, akatembeza macho sebuleni. Wale wengine walikuwa wamekubali kukaa chumbani, lakini mlango wa chumba ulikuwa haufungi vizuri, na wawili walikuwa wamechungulia.

"Ahaa," alisema. "Na kwako wapo."

Karani akaurudisha mlango wa chumba. "Wachache tu, mzee."

"Wachache ni heri. Kwangu wako arobaini na kitu. Wengine wana miaka mitatu, hao hawasubiri pesa, wanasubiri vitu vyenyewe, hata nimesahau walinunua nini. Mke wangu amewahamishia gereji, gari tunalaza nje." Akakaa kwenye kochi, akalibonyeza kwa kiganja. "Zuri hili. Hao wa kwako wametulia lakini. Wa kwangu wanapiga kelele, kuna mmoja anahutubia kabisa. Unawafanyaje?"

"Siwafanyi kitu, mzee."

"Kipaji hicho." Akamgeukia fundi. "Na wewe bwana, siku ya ngapi?"

Fundi alinyanyuka kidogo kwa heshima. "Zimepita tatu za kazi, mzee."

"Vizuri sana. Bado nne tu."

Wakala. Mkuu alisifu viazi, akaongeza mara mbili. Karani alikaa na kijiko mkononi, akifikiria kwamba msusi angeweza kupiga kelele zake zote na mtu huyu angemsikiliza huku anatafuna, kama anavyowasikiliza wa kwake. Ruhusa ya huruma ilikuwa imekwenda kwa ajili ya kitu ambacho hakingetokea. Mume wake akamkanyaga mguu chini ya meza ili acheke, kwa sababu mkuu alikuwa ametoa mzaha. Akacheka.

Jumatatu, jioni, hodi ilisikika kutoka chini sana. Mama mkwe alifungua, akatazama mbele, kisha akatazama chini. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, amelala chali, usawa wa kizingiti, shuka limemfika kidevuni. Aliingia akiwa amelala vilevile, polepole, kama anayesukumwa kwenye toroli, ila toroli halikuwepo.

Fundi alisimama. Kofia ikamdondoka.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kusubiri godoro," bibi alisema. "Si ulisema linakuja?"

Redio ilikuwa imezimwa, kwa hiyo wote walisikia. Fundi alimtazama karani, karani akatazama sakafu. Ikajulikana palepale kwamba fundi, yule mwenyewe, alikuwa hajamwambia mama yake kwamba oda imefutwa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa anamwambia liko njiani.

"Linakuja, mama," fundi alisema.

Binti akatoa godoro la kitanda chake likatandikwa sebuleni, upande usio na upepo. Bibi alilala juu yake na godoro halikubonyea. Tangu siku ile karani alimgeuza kila baada ya saa mbili, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni mpaka muda wa kulala, na mchana mama mkwe akashika zamu. Kulikuwa na namna ya kumshika: usivute, unaweka viganja chini ya bega na nyonga, unasubiri. Hakuwa na uzito, ila joto alikuwa nalo. Kila alipogeuzwa alisema ahsante, mwanangu, na Mungu akuzidishie.

"Mkimgeuza huku," fundi alimwambia karani siku moja, taratibu, asije akamuumiza, "kule anabaki vilevile."

"Najua."

"Jana jioni kilikuwa kama kisosi."

Karani akasema najua tena, ijapokuwa hilo hakuwa analijua. Hawakuacha kumgeuza.

Siku saba za kazi zilitimia Alhamisi. Ijumaa saa tatu asubuhi hedifoni ya karani ilitoa mlio, akapokea, na sauti aliyoizoea kutoka kwenye ndoo ikaja kwa njia ya simu, nzito zaidi, nyuma yake kuna mashine ya zege inazunguka.

"Shikamoo mama. Samahani, sijui kama nimezihesabu vibaya hizi siku."

Msimamizi alikuwa anapita nyuma ya viti, mikono mgongoni. Simu zote zilirekodiwa. Karani aliiona namba ya oda kwenye kioo, na chini yake kitufe cha kijani, ambacho kwa simu ya pili huwa kimefifia lakini kinaonekana.

"Hukuzihesabu vibaya," alisema. "Sisi pesa tumeshaitoa. Tatizo liko benki."

Zege lilisikika likizunguka.

"Ahaa, benki," fundi alisema, na sauti ikafunguka. "Basi si ninyi. Nilikuwa nimeanza kuwafikiria vibaya, mama. Nisamehe."

"Hamna shida," karani alisema.

Simu ikakatwa. Alibaki ameshika hedifoni kwa mikono miwili mpaka mwenzake wa kiti cha pembeni akamuuliza kama masikio yanamuuma.

Jumatatu fundi mwenyewe alipoteza siku ya kazi akaenda benki, akapanga foleni tangu kabla haijafunguliwa. Wakamwambia hakuna pesa yake yoyote iliyokwama. Kupiga simu ya tatu akaona haya, kwa sababu ingekuwa kama kwenda kulichongea duka kwa benki na benki kwa duka. Yote hayo karani aliyapata sebuleni jioni, kwa yule anayesubiri. Kwenye meza ya chakula alisema kidogo tu kwamba fundi angepiga mara moja zaidi, mara moja tu.

"Si umpigie wewe?" mama mkwe alisema.

"Nikifukuzwa?"

Mama mkwe akatazama wajukuu, akatazama kochi, akasema basi, wapakulie watoto.

Mwezi uliisha Jumatano. Saa kumi na mbili jioni mashine ya kazini iligeuza yote yaliyobaki kuwa kuponi, yenyewe, bila mtu kuigusa. Sebuleni kwa karani waliokuwa wanasubiri pesa walisimama kwa pamoja, kama watu waliotangaziwa kwamba basi lao halipo tena. Mwalimu alimwambia binti asisahau kubeba moja. Fundi alivaa kofia, akaigeuza ndoo, akairudisha bafuni mahali pake.

"Imekuwa kuponi," alimwambia karani. "Mwenyewe ndiyo anasoma ujumbe sasa hivi, yuko juu ya jukwaa. Anausoma mara ya pili."

"Fundi."

"Mimi sina cha kusubiri tena, mama, siwezi kubaki. Lakini mama yangu hakuwa anasubiri pesa. Anasubiri godoro. Yeye hajaambiwa."

"Mwambie basi kabla hujaondoka."

Fundi alimtazama mama yake. Bibi alikuwa macho, ananyoosha shuka kwa vidole viwili.

"Mimi nilishamwambia linakuja," alisema. "Nitaanzaje?"

Akatoka, akaurudisha mlango kwa uangalifu usigonge.

Alhamisi jina la karani lilisomwa karibu na mashine ya chai. Nyota zake zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote mwezi ule. Akapigiwa makofi, akapewa funguo za kabati la msimamizi na kikombe chenye nembo ya duka. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaeleza makarani wawili wapya utaratibu, wakati wa chai. Aliwaeleza vizuri. Mmoja aliuliza kama ni lazima, na karani akasikia mdomo wake ukisema kwamba sisi hatuibi.

Jumapili watu wa mwezi mpya walikuwa wameshaanza kufika, watatu. Ilikuwa mchana, saa nane, mwanga umejaa sebuleni. Mume wa karani alikuwa anang'arisha viatu vyake vya kazi juu ya gazeti. Mama mkwe alikuwa anashona kifungo. Karani alipiga magoti pembeni ya godoro, akaweka viganja chini ya bega na nyonga, akasubiri, akamgeuza bibi ubavu wa kulia.

Bibi hakusema ahsante. Alikuwa anamwangalia usoni, kwa karibu.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefanya kazi huko dukani kwao, si ndiyo?"

Uzi wa mama mkwe ukasimama hewani.

"Mimi si mtoto," bibi alisema. "Yule kijana wangu ananionea huruma, namwacha. Kila asubuhi ananiambia, namwitikia, ili aende kazini na moyo mzuri. Lakini kusubiri kunachosha kuliko kidonda. Kama haliji, niambieni tu haliji, nilale."

Mume aliweka brashi chini bila kutoa sauti. Wale watatu wapya, kila mmoja na kikombe chake, waliinama. Karani alikuwa bado ameweka viganja vyake pale vilipokuwa, na joto la bibi lilikuwa linapita kwenye vidole vyake na kupanda hadi kwenye viwiko.

"Niambie, mwanangu. Wewe unajua."